Tezi Zisizokatwa Tena: Habari Njema Iliyosikika Nusu

Tangu katikati ya mwaka 2024, matokeo ya NADINA, utafiti uliolinganisha kuanza na dawa na kuanza na kisu kwa wagonjwa wa melanoma, yalipochapishwa katika jarida la New England Journal of Medicine, habari moja imekuwa ikizunguka miongoni mwa watu wanaofuatilia matibabu ya saratani hapa Dar es Salaam. Inasema kwamba upasuaji wa kuondoa tezi za limfu kwa mgonjwa wa melanoma, aina ya saratani ya ngozi, iliyosambaa hadi kwenye tezi hizo umepitwa na wakati, kwamba dawa za kuamsha kinga ya mwili sasa zinafanya kazi iliyokuwa ya kisu, na kwamba daktari anayependekeza kuondoa tezi za kinena au za kwapa amebaki nyuma. Nimeisikia kwa ndugu wa wagonjwa, nimeisoma katika makundi ya WhatsApp, na nimeisikia pia kwa wahudumu wa afya ambao si kawaida yao kubeba maneno ya mitaani. Ina ukweli ndani yake, na ukweli huo mdogo ndio unaoifanya iaminike kupita kiasi. Kilichoachwa duniani ni operesheni moja mahsusi, kwa wagonjwa wa aina moja mahsusi, baada ya kuwekwa utaratibu wa ufuatiliaji uliochukua nafasi yake. Mgonjwa ambaye tezi zake zimekwisha kuvimba kwa melanoma ni mwingine kabisa, na katika NADINA yenyewe wagonjwa wa makundi yote mawili walipangiwa kuondolewa tezi hizo. Hoja yangu ni kwamba tukiuchukua uamuzi wa wenzetu bila kuuchukua utaratibu uliouwezesha, tutawanyima wagonjwa wetu tiba ambayo kwa wengi wao ndiyo pekee iliyo karibu.

Melanoma ni saratani inayoanzia katika seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Kwa watu weupe wa Ulaya, Marekani na Australia huhusishwa sana na jua, na hivyo ndivyo inavyoelezwa katika maandiko mengi tunayoyapokea. Kwa watu weusi huota zaidi mahali ambapo jua halina kosa: katika unyayo, katika kiganja, chini ya kucha. Bob Marley, ambaye picha yake haikosekani kwenye fulana za vijana wa Kariakoo, aligunduliwa na melanoma ya namna hiyo chini ya ukucha wa kidole cha mguu mwaka 1977, na Mei 1981 alifariki akiwa na miaka 36 baada ya ugonjwa kusambaa. Ni vyema pia kutenganisha jambo hili na saratani za ngozi zinazowasumbua ndugu zetu wenye ualbino. Hao hupata zaidi saratani za aina nyingine, zinazotokana na jua, na kwao melanoma ni nadra. Kampeni za kofia pana na mafuta ya kuzuia mionzi zinaokoa maisha yao na zinastahili kila shilingi, lakini hazimfikii mchuuzi wa samaki wa Feri mwenye doa jeusi kwenye kisigino ambalo limekuwa likipanuka taratibu kwa miezi.

Doa hilo huchukuliwa kuwa sugu, au mwiba uliovunjikia ndani, au fangasi, au kidonda cha kisukari. Linapokatwa, mara nyingi hukatwa bila nyama kupelekwa maabara. Jirani yangu mmoja wa Mbagala alipita njia hiyo hiyo: uvimbe wa unyayoni ulitolewa katika kituo cha karibu, kidonda kikafunga, na baada ya muda akaniuliza, “Mwanangu, mguu si umepona, sasa huu mtoki unatoka wapi?” Swali lake lilikuwa la kitabibu kuliko alivyojua. Limfu ya mguu, yaani majimaji yanayopita katika mifereji yake mbali na damu, hupanda hadi kwenye tezi za kinena, na seli za melanoma zinapoondoka mahali zilipoanzia, mara nyingi kituo chao cha kwanza ni hapo. Tatizo ni kwamba katika jiji letu mtoki una sababu nyingi: vidonda vya miguu, kifua kikuu cha tezi, VVU, magonjwa ya zinaa, vimelea vya matende. Mgonjwa hupewa antibayotiki duru moja, kisha ya pili, na kipimo rahisi cha kuchoma sindano kwenye tezi na kutazama seli zake chini ya darubini huja mwishoni, ilhali kingepaswa kuwa miongoni mwa vya mwanzo kwa yeyote aliyewahi kukatwa doa jeusi katika mguu huo.

Ili kuelewa kilichobadilika, inafaa kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1892 daktari wa upasuaji wa London, Herbert Snow, alitetea wazo la kuondoa tezi za eneo husika kabla hazijavimba, akiamini kwamba melanoma iliyojificha humo itakamatwa ingali changa. Kwa karibu miaka mia moja madaktari waligawanyika kati ya waliomfuata na waliosema kwamba wagonjwa wengi wanakatwa bure, kwa kuwa tezi zao hazina kitu. Njia ya kutoka katika mabishano hayo ilionyeshwa na Donald Morton na wenzake huko California mwaka 1992. Walidunga rangi ya buluu pembeni mwa melanoma, wakafuata mfereji wa limfu uliotiwa rangi mpaka kwenye tezi ya kwanza kuipokea, wakaitoa hiyo peke yake na kuichunguza. Tezi hiyo, ambayo hapa nitaiita tezi mlinzi, ikiwa safi, zilizo nyuma yake karibu zote huwa safi, na mgonjwa anasalimika na operesheni kubwa. Ikiwa na saratani, tezi zote za kinena au za kwapa ziliondolewa katika operesheni ya pili. Operesheni hii ya pili, ya kukamilisha, kwa mgonjwa ambaye hana uvimbe wowote unaoshikika bali ana seli chache zilizoonekana kwa darubini tu, ndiyo iliyoachwa.

Iliachwa kwa ushahidi mzito. Utafiti wa Ujerumani ulioitwa DeCOG-SLT, uliochapishwa mwaka 2016, uligawanya kwa bahati nasibu wagonjwa 483 wenye tezi mlinzi iliyokutwa na saratani: nusu waliondolewa tezi zote, nusu walifuatiliwa tu. Baada ya miaka mitatu, waliokuwa hai bila ugonjwa kusambaa mbali walikuwa asilimia 77.0 katika kundi la kufuatiliwa na asilimia 74.9 katika kundi la kukatwa, tofauti isiyo na maana kitakwimu. Mwaka uliofuata ukaja MSLT-II, utafiti wa kimataifa wenye wagonjwa zaidi ya 1,900, na jibu likawa lile lile: katika miaka mitatu, asilimia 86 ya kila kundi hawakuwa wamekufa kwa melanoma. Tofauti ilionekana kwingine. Kati ya waliokatwa tezi zote, asilimia 24.1 walipata uvimbe wa mguu au mkono unaotokana na limfu kukosa njia, ikilinganishwa na asilimia 6.3 ya waliofuatiliwa. Kwa msomaji wa Pwani sihitaji kueleza sana maana ya namba hiyo. Tumekua tukiwaona watu wenye matende, na tunajua mguu mzito unavyomfungia mtu ndani, unavyomkatia biashara ya kutembeza, unavyopasuka na kuingiwa na wadudu kila mvua za masika zikija. Mguu unaovimba baada ya kuondolewa tezi za kinena unapitia mateso ya aina hiyo hiyo, na kinena huleta matatizo zaidi kuliko kwapa: kidonda kinachofumuka, maji yanayojaa chini ya ngozi, maambukizi ya kurudia. Kumpa mtu adhabu hiyo bila kumwongezea uhai ni jambo ambalo hakuna daktari muungwana angependa kuendelea nalo, na ninaona walioacha walifanya haki.

Lakini MSLT-II ina namba nyingine ambayo haisambazwi. Katika kundi la kufuatiliwa, ugonjwa ulidhibitiwa katika tezi za eneo husika kwa asilimia 77 ya wagonjwa baada ya miaka mitatu, wakati kwa waliokatwa ilikuwa asilimia 92. Kwa maneno mengine, katika kila wagonjwa 100 walioachwa na tezi zao, takribani 23 waliota melanoma kwenye tezi hizo ndani ya miaka mitatu, na walipogundulika walistahili kufanyiwa operesheni ile ile iliyoahirishwa. Hawakuugundua ugonjwa huo wenyewe wakati wa kuoga. Walikuwa na ratiba: kuchunguzwa na daktari na kupigwa altrasaundi ya tezi kila baada ya miezi minne kwa miaka miwili ya kwanza, kila miezi sita hadi mwaka wa tano, kisha kila mwaka. Huko Ujerumani walikuwa wakirudi kila miezi mitatu. Uhai ulikuwa sawa kati ya kundi lililokatwa na kundi lililofuatiliwa kwa ratiba hiyo. Hakukuwa na kundi la tatu la watu walioambiwa tezi zao hazikatwi, wakaenda nyumbani Chanika au Kigamboni na kurudi siku walipoona uvimbe mkubwa kama ndimu. Yeyote anayesema sayansi imeonyesha kwamba kundi hilo la tatu litakuwa salama anaisemea sayansi jambo ambalo haijawahi kulipima.

Sasa nije kwenye dawa, kwa kuwa hapo ndipo kutoelewana kulipozidi. Dawa zinazoondoa breki kwenye kinga ya mwili, kama ipilimumabu, nivolumabu na pembrolizumabu, zimebadilisha kabisa tiba ya melanoma tangu ipilimumabu ilipoidhinishwa Marekani mwaka 2011, na wanasayansi waliofungua njia hiyo, James Allison na Tasuku Honjo, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Mwanzoni, kwa mgonjwa mwenye tezi zilizovimba, dawa ilitolewa baada ya upasuaji. Utafiti wa Marekani ulioitwa S1801, uliochapishwa mwaka 2023 na wenye wagonjwa 313, uliuliza swali dogo lenye uzito mkubwa: je, ikiwa tutatoa pembrolizumabu ile ile, kwa idadi ile ile ya dozi, lakini dozi tatu za kwanza zitangulie kabla ya kisu? Baada ya miaka miwili, waliokuwa hawajapatwa na pigo lolote la ugonjwa walikuwa asilimia 72 kwa walioanza na dawa, na asilimia 49 kwa walioanza na kisu. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba kinga ya mwili hujifunza kuitambua saratani vizuri zaidi uvimbe ukiwa bado upo, pamoja na seli za kinga zilizouzunguka, kuliko pale uvimbe unapokuwa umeshaondolewa. NADINA, wenye wagonjwa 423, ulitoa ipilimumabu pamoja na nivolumabu kwa duru mbili kabla ya upasuaji, na baada ya mwaka mmoja asilimia 83.7 walikuwa hawajapatwa na pigo, dhidi ya asilimia 57.2 kwa waliokatwa kwanza. Katika tafiti zote mbili kilichohamishwa ni nafasi ya kisu katika foleni. Operesheni ya kuondoa tezi ilibaki kuwa sehemu ya tiba.

Upo utafiti mmoja ambao unaikaribia habari inayosambazwa, nao unaitwa PRADO, uliochapishwa mwaka 2022. Humo wagonjwa walipewa dawa mbili kabla ya upasuaji, kisha ikatolewa tezi moja tu, ile kubwa iliyokuwa imewekewa alama tangu mwanzo. Ikiwa maabara ilikuta kwamba saratani iliyo hai ndani yake imebaki asilimia 10 au chini ya hapo, mgonjwa aliachwa na tezi zake nyingine. Watu wapatao 60 kati ya 99 walifikia kiwango hicho, karibu wote wakaepushwa operesheni kubwa, na baada ya miaka miwili asilimia 93 ya kundi hilo hawakuwa wamerudiwa na ugonjwa. Ni matokeo ya kutia moyo sana, na ninaamini hapo ndipo tiba inapoelekea. Hata hivyo ni kundi dogo, halikulinganishwa na jingine kwa bahati nasibu, na kila aliyeachiwa tezi zake aliachiwa kwa sababu dawa ilikuwa imekwisha kuonekana ikifanya kazi ndani ya tezi iliyopimwa. Ukiondoa dawa, hoja nzima inaanguka, kwa kuwa hakuna kitakachokuwa kimeua saratani ndani ya tezi zinazoachwa.

Hapa kwetu mgonjwa gani anazipata dawa hizo? Wapo wachache wanaosafiri kwenda India, wachache wenye ndugu nje ya nchi, wachache wanaochangisha mpaka familia inabaki bila kiwanja. Kwa walio wengi wanaofika Hospitali ya Muhimbili au taasisi ya saratani ya Ocean Road, bei ya dozi moja haina uhusiano wowote na kipato chao. Kuna tatizo jingine ambalo bei ikishuka halitaondoka lenyewe. Tafiti nilizozitaja zilifanyika Ulaya, Marekani na Australia, na wagonjwa wake kwa sehemu kubwa walikuwa weupe wenye melanoma inayotokana na jua. Melanoma ya unyayo na ya chini ya kucha ina mabadiliko machache zaidi ya vinasaba, hivyo inaipa kinga alama chache za kuitambua, na kwa ujumla huitikia dawa hizi kwa kiwango kidogo zaidi. Asilimia 83.7 ya NADINA kwa hiyo si ahadi kwa mama wa Mbagala, hata kama dawa ingewekwa mikononi mwake leo.

Katika mazingira hayo nimesikia pande tatu zikijenga hoja, na haziko sawa kwa uzito.

Upande wa kwanza ni wa madaktari, wengi wao vijana waliosoma vizuri, wanaosema kwamba tusibaki nyuma: ikiwa operesheni ya kukamilisha haiongezi uhai, kuifanya Dar es Salaam ni kosa kama ilivyo kosa kuifanya Sydney, kwa kuwa mwili wa binadamu ni ule ule. Ninaiheshimu hoja hii, na kwa mgonjwa anayeweza kurudi kliniki kwa ratiba nakubaliana nayo moja kwa moja. Udhaifu wake ni kwamba inahesabu madhara ya kisu kwa makini na haihesabu madhara ya kutorudi. Upande wa pili ni wa wapasuaji wakongwe wanaosema kinyume: mgonjwa wetu hatarudi, kwa hiyo akiwa mezani tumalizane naye, tuondoe kila kitu. Hawa wanawajua wagonjwa wao. Wanajua nauli kutoka Rufiji au Ifakara, wanajua namba za simu zinazobadilika, wanajua mtu anayejisikia mzima asivyoona sababu ya kupanga foleni asubuhi nzima. Kwa mgonjwa ambaye tezi mlinzi imekutwa na saratani na kwa kweli hawezi kufuatiliwa, sitamlaumu daktari atakayemweleza hali hiyo na kukubaliana naye kukata. Lakini hoja hii ikigeuzwa kuwa kanuni kwa wote inabeba dhuluma ndani yake, kwa kuwa inawavimbisha miguu takribani robo ya wagonjwa ili kufidia pengo ambalo si la miili yao, ni la huduma. Wengi wa wanaokatwa hukutwa hawana saratani nyingine zaidi ya ile iliyokuwa katika tezi mlinzi. Na mguu uliovimba nao unahitaji kliniki, soksi za kubana na mazoezi ya tiba kwa maisha yote, kwa hiyo mgonjwa asiyeweza kurudi kwa altrasaundi hataweza kurudi kwa ajili ya mguu pia.

Upande wa tatu ndio ulio dhaifu kuliko wote, na kwa bahati mbaya ndio unaosikika zaidi nje ya hospitali. Unasema kwamba saratani ikiguswa na kisu inaamka na kusambaa, na sasa umepata nguvu mpya kwa kudai kwamba hata wazungu wameacha kukata. Tezi zinazotolewa zimekutwa na saratani ndani yake kabla ya kisu kuzifikia, na mgonjwa anayezidiwa miezi michache baadaye kwa kawaida alikuwa na mbegu za ugonjwa kwenye mapafu au ini tangu siku aliyolazwa, ingawa hakuna kipimo kilichozionyesha. Suala la kama kugusa tezi kunaeneza melanoma liliangaliwa pia katika utafiti mkubwa wa mwanzo wa kina Morton, MSLT-I, wenye wagonjwa 2,001, na kutoa tezi mlinzi hakukuonekana kuzidisha kurudi kwa ugonjwa katika ngozi iliyo kati ya kidonda na tezi, kama wengine walivyohofia. Kuna toleo la kisomi la hoja hii linalostahili jibu lake: kwamba kwa kuwa kuondoa tezi hakukuongeza uhai katika MSLT-II, basi tezi hazina umuhimu, na mgonjwa mwenye mtoki wa melanoma aachwe. Anayesema hivyo amechanganya wagonjwa wawili. Wa MSLT-II walikuwa na seli zilizoonekana kwa darubini katika tezi ambayo tayari ilikuwa imetolewa. Mwenye mtoki ana saratani inayoshikika kwa vidole na ambayo bado imo mwilini.

Huyo wa pili akiachwa, kinachofuata kinajulikana kwa yeyote aliyewahi kufanya kazi wodini. Uvimbe unakua, unapasua ngozi, unatoa damu na harufu inayomfanya mtu ajitenge na watoto wake, unabana mshipa wa damu mpaka mguu unavimba hata bila kisu, na mwishoni hakuna mpasuaji anayeweza tena kuuondoa. Operesheni inayofanywa mapema inazuia hayo, na kwa sehemu ya wagonjwa inafanya zaidi ya kuzuia. Katika utafiti ulioitwa KEYNOTE-054, wenye wagonjwa 1,019 waliokuwa wameondolewa tezi kutokana na melanoma, nusu walipewa pembrolizumabu na nusu dawa bandia. Baada ya miaka mitano, wale wa dawa bandia, yaani waliotegemea kisu peke yake, asilimia 38.3 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi, na wale wa pembrolizumabu asilimia 55.4. Watu husoma namba hizo kuona faida ya dawa, na ipo. Mimi nazisoma pia kutokea upande wa mtu asiye na dawa: karibu wagonjwa wanne kati ya kumi walifika mwaka wa tano bila ugonjwa kurudi, na walichopata ni upasuaji uliofanywa vizuri na kwa wakati. Namba hiyo imewachanganya wenye ugonjwa mdogo na wenye mkubwa, na kwa mtu anayechelewa kama wanavyochelewa wetu ningeitarajia iwe chini. Hata hivyo, ukimwambia mtu huyo kwamba kisu kimepitwa na wakati, huku huna cha kumpa badala yake, umemfungia mlango uliokuwa wazi.

Kutokana na hayo, sioni kwamba swali letu ni kukata au kutokata. Swali ni lini, kwa nani, na kwa maandalizi gani, na majibu yanaanzia mbali na chumba cha upasuaji. Yanaanzia kwenye kile kinyama kinachokatwa unyayoni. Kila doa jeusi linalotolewa lipelekwe maabara ya patholojia, na ripoti itaje kina cha uvimbe kwa milimita, kipimo ambacho Alexander Breslow alikieleza mwaka 1970 na ambacho bado ndicho kinachoamua kama tezi mlinzi itafutwe. Bila namba hiyo daktari anayefuata anakisia. Kisha kuna utafutaji wa tezi mlinzi wenyewe, ambao baadhi yetu huuona kama anasa ya nchi tajiri kwa sababu siku hizi unatumia dawa yenye mionzi na kifaa maalumu cha kuisikiliza. Morton alianza na rangi ya buluu peke yake, na katika taarifa yake ya mwaka 1992 aliipata tezi mlinzi katika maeneo 194 kati ya 237, yaani zaidi ya manne kwa kila matano. Kuchanganya rangi na mionzi ni bora zaidi na tunapaswa kufika huko, lakini mpasuaji aliyefundishwa vizuri anaweza kuanza na rangi, na kila mgonjwa ambaye tezi yake itakutwa safi ataondoka bila kuguswa tezi nyingine na kwa hofu ndogo zaidi.

Kuhusu ufuatiliaji, altrasaundi tunazo. Zipo katika hospitali za rufaa za mkoa, za wilaya, na katika vituo vingi vya binafsi, kwa sababu zinatumika kwa wajawazito kila siku. Kinachokosekana ni mtu aliyefundishwa kutambua tezi inayoanza kupoteza umbo lake la kawaida, daftari linaloonyesha nani alitakiwa kurudi mwezi huu na hakurudi, na muuguzi mwenye simu na muda wa kumpigia. Huduma za VVU na za kifua kikuu nchini mwetu zilijifunza zamani kuwafuatilia watu majumbani, kwa kutumia wahudumu wa ngazi ya jamii, na wagonjwa wengi wako hai leo kwa sababu hiyo. Sijaona sababu ya msingi inayozuia kliniki ya saratani ya ngozi, yenye wagonjwa wachache mno kwa kulinganisha, kufanya vivyo hivyo. Daktari kijana anayetaka kuiacha operesheni ya kukamilisha angeanza kwa kuidai kliniki hiyo, na ningekuwa wa kwanza kumuunga mkono.

Kwa mwenye mtoki uliothibitishwa, utaratibu unapaswa kuwa wa haraka: sindano, kipimo cha CT cha kifua na tumbo ili kuona kama ugonjwa umeshafika mbali, kisha kikao cha pamoja cha mpasuaji, daktari wa dawa za saratani na mtaalamu wa patholojia. Ikiwa dawa inapatikana kwa uhakika, itangulie. Ikiwa haipatikani, mgonjwa asiwekwe benchi kusubiri mchango ambao hauna tarehe, kwa kuwa faida ya kuanza na dawa inamhusu mwenye dawa, na uvimbe haumsubiri mwenye kuitafuta. Na kama ugonjwa umeshafika kwenye mapafu au ini, aelezwe hivyo kwa upole na kwa ukweli, kwa sababu hapo kuondoa tezi kunabaki kuwa suala la kumpunguzia maumivu na harufu, na wengine watachagua kutokatwa. Nao wana haki hiyo.

Liko jambo la fedha ambalo haliwezi kukwepwa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na majadiliano kuhusu kitakachomo ndani ya kitita yataendelea kwa miaka. Ni rahisi kwa bima kulipia operesheni, kwa kuwa ina tarehe, ankara na mwisho. Ni vigumu zaidi kulipia altrasaundi ya kila miezi minne kwa mtu asiye na dalili, nauli ya kuifuata, au soksi za kubana ambazo huisha na kuhitaji kubadilishwa. Kitita kikilipia kisu tu, wapasuaji wakongwe watakuwa sahihi kwa lazima, na miguu itaendelea kuvimba. Kisipolipia chochote, watakaoshinda ni wale wanaosema saratani isiguswe. Ombi langu kwa wanaokaa kwenye meza hizo ni dogo: ratiba ile ya miaka mitano ya MSLT-II iandikwe ndani ya kitita kama tiba kamili, yenye jina lake na bei yake, kabla hospitali yoyote haijaambiwa iache kukata.